Nyayo za Yevsei

Mimi ni fundi viatu. Naanzia miguuni.
Wengine watakusimulia nyota;
mimi nilimvua soksi jioni ile, hapa Kaluga,
theluji ya Machi ikidondoka matone kwenye paa,
nikakuta visigino vya mtoto mchanga
chini ya mume wangu wa miaka arobaini na sita.

Sugu zote zimebanduka.
Ile ya kidole gumba cha kulia, niliyoijua
kama mkono unavyojua kitasa gizani,
haipo. Ilitoka mwezi wa tatu, anasema,
ikaelea kutoka kwenye soksi kama ganda la alizeti,
akaikimbiza kwa kitambaa isije ikamwingia mwenzake jichoni.
Na juu ya mguu, pale ninapofungia kamba,
pameota sugu mpya, mbili, ngumu kama kwato:
siku mia mbili na saba za kujikwatua kwenye vyuma
asipeperuke akiwa na kijiko mdomoni.

Nilicheka. Kisha nikaacha.

Mwili ni bahili, Yevsei.
Chumba kisicholala mtu, hauwashi taa.
Kule hakuna cha kubeba, ukaanza kuuza mifupa,
chokaa kidogo kidogo, kila unapokojoa,
mpaka mtambo uliogeuza mkojo wenu kuwa maji ya chai
ukakwama, umesakamwa na nyonga zenu.
Saa mbili kila siku ulikimbia umefungwa mikanda,
hukumkimbia mtu wala kumfuata mtu,
ukiyadai mapaja yako yasihame.

Na damu, isiyojua tena chini ni wapi,
ilipanda. Wiki ya kwanza kwenye skrini
uso wako ulivimba kama andazi,
mama yako akauliza wanakulisha nini huko;
hakuiona miguu, iliyobaki miti miwili ya ufagio.
Daktari Snezhana anasema hata moyo ulijiviringa kidogo,
na jicho likabonyea kwa nyuma.
Sasa unanisomea bei ya gundi
karatasi ukiishikilia mbali, kama barua ya mdai.

Uliana alikusubiri na penseli kwenye fremu ya mlango,
kwenye mistari yake yeye, ya kila siku ya kuzaliwa.
Uliahidi kwa simu: baba amerefuka, sentimita nne na nusu!
Lakini dunia ilikuwa imekwisha kukukalia mabegani.
Akapima. Akapima tena.
Akaandika tarehe palepale pa zamani,
akaenda kuoga bila kuaga.

Usiku wa pili uliachia kikombe hewani
ukageuka kuchukua sukari.
Hukushtuka kwa mlio. Ulishtuka kwamba hakikukungoja.
Usiku wa nne ulisema blanketi linakukaba,
ulimi ni mzito, hukujua kumbe
miaka yote hiyo mtu huzungumza akiwa amebeba mzigo.
Ukigeuza kichwa, chumba hufuata baadaye,
nawe unashika ukuta na kuuomba radhi.

Nilikushonea viatu. Ngozi ya ndama, soli laini,
kisigino nilikisugua kwa nta siku mbili.
Unatembea hadi kwa muuza mkate na kurudi,
miguu umeitanua kama baharia,
majirani wanapunga mkono, wewe hupungi:
ukipunga, utaanguka.

Leo, siku ya kumi na moja,
umeingia unachechemea, umekasirika,
umeketi kwenye stuli yangu ya kazi ukainua mguu.
Lengelenge. Kisigino cha kushoto, duara, jekundu,
lina maji safi ndani.
Nimelipuliza. Nimelifunga bendeji.
Umelaani kiatu, na fundi wake, na wazee wa fundi wake,
nami nimeinama ili usione uso wangu.

Kile cha kushoto, Yevsei,
nilikiacha kikubane makusudi.